MENEJA WA TIMU NI NANI?
Maelezo ya Istilahi za Uongozi wa Michezo

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo mfasiri hukutana nayo na kuyapita bila kuyatilia shaka ni neno meneja. Neno hili limekwisha kuzoeleka. Lina wingi wake, mameneja, na lina jina lake la dhahania, umeneja. Hakuna asiyelijua. Lakini neno linalojulikana na kila mtu ndilo mara nyingi linalomponza mfasiri, kwa kuwa haoni sababu ya kulitazama mara mbili.

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno hilo katika uwanja mmoja tu, yaani uwanja wa michezo. Tutaeleza kwa nini wafasiri, walimu, na hasa maofisa wanaoandika katiba za klabu na mikataba ya wachezaji, hawana budi kulitumia kwa uangalifu. Mifano yetu ni miwili, nayo imetengana sana. Wa kwanza ni kazi ya Lester Patrick, Mkanada aliyeongoza timu za hoki ya barafuni tangu siku za mwanzo za mchezo huo kuwa wa malipo. Wa pili ni klabu za kandanda za Tanga. Msomaji aweza kuuliza: barafu na Tanga, wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba istilahi hupimwa vema inapotolewa katika mazingira iliyoyazoea na kupewa mzigo mgeni. Ikishindwa kuubeba, twajua kwamba hata nyumbani ilikuwa ikichechemea.

Jina la mchezo

Kabla ya kumfikia meneja, yafaa tuseme machache juu ya mchezo wenyewe. Kiswahili kina majina mawili, hoki na mpira wa magongo. La pili limejengwa kwa maneno yetu wenyewe, nalo linaeleza mchezo kwa mtu asiyewahi kuuona. Umbo la wingi, magongo, lina faida ya ziada: gongo katika umoja huenda likampeleka msomaji wa Tanzania kwenye pombe kali ya kienyeji, jambo ambalo mwalimu wa shule asingependa lijitokeze darasani.

Mpira wa magongo wa nyasini si mgeni kwetu. Tanzania ilipeleka timu yake ya wanaume katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Ule wa barafuni ndio mgeni. Wachezaji huvaa viatu vyenye makali ya chuma na kuteleza juu ya barafu. Wanachokipiga si mpira wa duara bali ni kisahani kinene cha mpira mgumu. Hapa neno mpira katika mpira wa magongo linaanza kuleta utata, kwa hiyo twaona hoki ya barafuni ni jina lililo salama zaidi. Wala istilahi hizi si za anasa. Jijini Nairobi kumekuwa na uwanja wa barafu hotelini tangu mwaka 2005. Vijana wa Kenya wameunda timu, na mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Mwandishi wa habari wa Afrika Mashariki anayahitaji maneno haya leo.

Kazi ya Lester Patrick

Lester Patrick alizaliwa Drummondville, katika jimbo la Quebec, mwaka 1883, na alifariki mwaka 1960. Alipokuwa kijana, hoki ya barafuni ilikuwa inatoka katika ridhaa na kuingia katika malipo. Mwaka 1904 iliundwa ligi ya kwanza iliyokubali waziwazi kuwalipa wachezaji. Timu zake nyingi zilikuwa Marekani, na moja ilikuwa upande wa Kanada. Patrick mwenyewe alikuwa mchezaji hodari. Aliichezea Montreal Wanderers ilipotwaa Kombe la Stanley mwaka 1906 na mwaka 1907. Katika msimu wa 1909 na 1910, yeye na ndugu yake Frank walichukuliwa na timu ya mji mdogo wa Renfrew kwa fedha ambazo kwa siku zile zilikuwa nyingi mno kwa mcheza hoki.

Mwaka 1911 baba yao, Joseph, aliuza biashara yake ya mbao. Kwa fedha hizo familia ilijenga viwanja katika miji ya Victoria na Vancouver, vya kwanza nchini Kanada kuwa na barafu iliyotengenezwa kwa mitambo, kwa kuwa pwani ile ya magharibi haina baridi ya kutosha kugandisha maji. Wakaanzisha ligi yao wenyewe. Lester alishika timu ya Victoria. Alikuwa mmoja wa wenye mali. Ndiye aliyetafuta wachezaji na kupatana nao mishahara. Ndiye aliyewafunza na kupanga kikosi. Na mchezo ulipoanza aliingia uwanjani akacheza pamoja nao. Timu yake ilitwaa Kombe la Stanley mwaka 1925. Tangu hapo hakuna timu ya ligi nyingine iliyolitwaa kutoka mikononi mwa Ligi ya Taifa ya Hoki.

Ligi ya magharibi ilivunjika mwaka 1926. Mwaka huo huo timu mpya ya New York Rangers ilimwita Patrick ashike nafasi ya Conn Smythe, ambaye alikuwa amekwisha kukusanya wachezaji lakini akaachishwa kabla msimu haujaanza. Patrick akawa msimamizi mkuu wa timu na pia mwalimu wake. Tarehe 7 Aprili 1928, katika mchezo wa pili wa fainali dhidi ya Montreal Maroons, mlinda mlango wa Rangers aliumizwa jicho. Siku zile timu haikuwa na mlinda mlango wa akiba. Patrick, akiwa na umri wa miaka 44, alivaa vifaa na kusimama langoni mwenyewe. Rangers wakashinda kwa mabao 2 kwa 1 katika muda wa nyongeza, kisha wakalitwaa kombe. Walilitwaa tena chini yake mwaka 1933.

Jambo lililo muhimu kwa makala haya lilitokea mwaka 1939. Patrick aliiacha kazi ya kufunza, akamkabidhi Frank Boucher, mchezaji wake wa zamani. Yeye akabaki na usimamizi hadi mwaka 1946. Mwaka 1940 timu ilitwaa kombe ikiwa na mtu mmoja wa kufunza na mwingine wa kusimamia. Kazi ambazo kwa miaka karibu 30 zilikuwa katika kifua cha mtu mmoja zilikuwa zimegawanyika, na kila moja ikawa na jina lake.

Neno moja, kazi tatu

Sasa na tumchukue mfasiri aliyepewa habari hizi azitie katika Kiswahili. Akiandika kwamba Patrick alikuwa meneja wa timu ya New York, msomaji wa Tanzania ataelewa nini?

Katika klabu zetu, meneja wa timu ni mtu anayeshughulikia mahitaji ya timu: safari, malazi, chakula, leseni za wachezaji siku ya mchezo, na mawasiliano na waamuzi. Hamsajili mchezaji, hapangi kikosi, wala hamwachishi kazi mwalimu. Nchini Uingereza mambo ni mengine. Huko, hasa tangu siku za Herbert Chapman aliyeiongoza Arsenal kuanzia mwaka 1925 hadi alipofariki mwaka 1934, cheo chenye jina hilo kimekuwa cha mtu anayefunza, anayepanga kikosi na mwenye kauli kubwa katika usajili. Alex Ferguson aliishika kazi hiyo Manchester United kuanzia mwaka 1986 hadi mwaka 2013, na watangazaji wetu, kwa busara yao, wamezoea kumwita kocha. Katika hoki ya Amerika Kaskazini jina hilo hilo humwangukia mtu wa tatu: yule anayeajiri, anayesajili, anayeuza na kununua wachezaji, wala si lazima aonekane kwenye benchi.

Kwa hiyo tuna neno moja na kazi tatu zisizolingana. Mfasiri anayenakili umbo la neno, bila kuuliza mwenye cheo hicho anafanya nini, atampa Patrick mfuko wa jezi na orodha ya vyumba vya hoteli, ilhali yeye ndiye aliyekuwa akitia saini mikataba.

Meneja wa Tanga

Neno halifiki mahali likiwa tupu. Katika Mkoa wa Tanga neno meneja lina historia inayonukia mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, na inasemekana 62 tu ndiyo iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na mwanzo huo mdogo yalitanda mashamba kando ya reli kutoka Tanga kuelekea Korogwe na kupita. Katika mashamba hayo meneja alikuwa kilele cha mamlaka. Chini yake walikuwapo makarani, chini ya makarani wanyapara, na chini ya wote manamba na kipande chao. Meneja ndiye aliyeajiri na kufukuza. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mashamba mengi yaliingia mikononi mwa umma, na cheo kikaendelea katika mashirika kwa majina ya meneja na meneja mkuu.

Basi mzee wa Muheza aliyekulia shambani, akisikia kwamba mtu fulani ni meneja wa Coastal Union, ana haki ya kudhani kwamba huyo ndiye mwenye kauli ya mwisho. Kumbe klabu zetu zilijengwa kwa mfano mwingine kabisa, ule wa chama. Coastal Union, iliyoanzishwa mwaka 1948, ina wanachama, na wanachama huchagua uongozi. African Sports nayo ni ya mfano huo. Katika chama mkubwa ni mwenyekiti, katibu huandika na kutekeleza, mhazini hushika fedha, kamati husajili. Meneja wa timu huteuliwa na uongozi huo na hutumwa nao. Neno lililokuwa juu kabisa shambani limekuwa karibu na chini katika klabu, na tofauti hiyo haikuandikwa popote.

Je, jambo hili lina uzito? Lina uzito siku matatizo yanapozuka. Mwaka 1988 Coastal Union ilitwaa ubingwa wa Tanzania, na siku kama hiyo hakuna anayeuliza nani alikuwa na wajibu gani. Ushindi una baba wengi. Lakini mwaka 2016 timu zote tatu za mkoa zilizokuwa katika Ligi Kuu, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, zilishuka daraja kwa pamoja. Siku kama hiyo kila mtu huuliza: nani alisajili, nani alifunza, nani alishika fedha? Mchezaji asiyelipwa mshahara wake naye huuliza ni nani aliyetia saini kwa niaba ya klabu, na kama alikuwa na mamlaka ya kufanya hivyo. Ikiwa katiba inasema meneja na mkataba unasema meneja, na kila hati ina mtu wake akilini, kijana huyo atazungushwa kutoka mlango hadi mlango. Istilahi iliyolegea humwumiza mnyonge kwanza.

Mwalimu, kocha na nahodha

Kwa mtu anayefunza timu tunayo maneno matatu. Kocha limetoholewa kutoka Kiingereza na limeota mizizi: makocha, ukocha, kocha mkuu, kocha msaidizi. Mwalimu ni la zamani zaidi katika lugha, nalo lina heshima. Wachezaji wengi humwita hivyo uso kwa uso hata magazeti yanapomwandika kocha. Mkufunzi lina asili nzuri ya kitenzi kufunda, lakini katika elimu limekwisha kupewa kazi ya mtu anayefundisha vyuoni, na katika michezo lafaa libaki kwa yule anayewafunza walimu wenyewe. Tunaona kwamba kocha lifae katika hati, na mwalimu liendelee katika mazungumzo na katika kuitana. Hakuna haja ya moja kuliua jingine.

Hapa pia maofisa wazingatie tofauti ya kaimu na wa muda. Juma Mgunda aliifikisha Coastal Union katika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2022, ikafungwa na Yanga kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya mabao 3 kwa 3. Septemba ya mwaka huo aliitwa Simba kushika timu iliyokuwa imeachwa na kocha wake. Katika hali ya namna hiyo wengine huandika kaimu kocha mkuu, wengine kocha wa muda, kana kwamba ni kitu kimoja. Katika utumishi wa serikali kaimu hushika mamlaka ya cheo ambacho si chake, naye ana cheo chake cha kurudia. Mtu wa muda ameajiriwa kwa kipindi, na kipindi kikiisha hana pa kurudi. Mkataba hauwezi kuyachanganya haya mawili bila kuleta ugomvi.

Nahodha ni neno linalostahili kutazamwa kwa makini, hasa na watu wa pwani. Lilitujia kutoka Kiajemi kwa njia ya bahari. Katika jahazi lililotoka Tanga au Pangani kwenda Unguja, nahodha hakuwa mshika usukani tu. Tajiri mwenye chombo alibaki pwani. Nahodha ndiye aliyepokea shehena, aliyewapata mabaharia, aliyegawa mapato na aliyejibu chombo kikipata hasara. Mchezo wa kandanda ulipolichukua neno hili ulilipunguza: nahodha wa timu ni mchezaji mwenye kitambaa mkononi, anayerusha shilingi na mwamuzi na kuwatia moyo wenzake. Tukiyalinganisha, Patrick wa Victoria alikuwa nahodha kwa maana ya jahazi zaidi kuliko kwa maana ya uwanja. Hatusemi kwamba neno lirudishwe kwenye maana yake ya zamani. Matumizi yamekwisha kuamua. Twasema tu kwamba dhana ya mtu mmoja aliyeaminiwa chombo chote na mali ya wengine haikuwa ngeni kwa Waswahili, na mwalimu anaweza kuitumia kumweleza mwanafunzi kazi ya Patrick.

Ridhaa, malipo na weledi

Jozi nyingine yenye faida ni mchezo wa ridhaa na mchezo wa kulipwa. Ridhaa, lenye undugu na radhi na kuridhia, limechaguliwa vizuri sana: mchezaji wa ridhaa hucheza kwa kupenda kwake. Kwa miaka mingi baada ya mwaka 1967 michezo nchini Tanzania ilihesabiwa kuwa ya ridhaa. Mchezaji alikuwa mfanyakazi wa shirika, kiwanda, bandari au jeshi, na mshahara wake ulihesabiwa kuwa ni wa kazi, si wa mpira. Kanada nayo ilipita njia hiyo, na katika siku za ujana wa Patrick wako wachezaji waliopewa kazi za jina tu mjini ili malipo yao yasionekane.

Kosa linaloanza kuenea ni kutafsiri mchezaji wa kulipwa kuwa mchezaji mweledi. Hizi ni dhana mbili. Kulipwa kunahusu fedha na mkataba. Weledi unahusu ujuzi na nidhamu ya kazi. Yupo anayelipwa asiye na weledi, na yupo mweledi asiyelipwa hata senti moja. Sheria inapogusa kodi, bima au fidia, neno linalotakiwa ni kulipwa.

Mapendekezo

Kanuni tuliyoizoea katika kuunda istilahi ni kuanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, ndipo twende nje. Kwa kuifuata, na kwa kuheshimu matumizi yaliyokwisha kushika, tunapendekeza yafuatayo:

1. Meneja wa timu: mtu anayesimamia mahitaji na taratibu za timu, safarini na siku ya mchezo. Maana hii ya Tanzania ihifadhiwe.

2. Kocha mkuu: mwenye jukumu la kufunza na kupanga kikosi. Litumike pia kwa viongozi wa timu za Uingereza wenye kazi hiyo, hata kama cheo chao kwa Kiingereza kina umbo la meneja.

3. Msimamizi mkuu wa timu: mwenye mamlaka ya kuajiri, kusajili na kuachisha, kama alivyokuwa Patrick huko New York. Neno msimamizi ni letu, lina kitenzi chake kusimamia, na halimfungi msomaji kwenye picha ya shambani wala ya mfuko wa jezi.

4. Kocha mchezaji: afunzaye na kucheza.

5. Mmiliki: mwenye mali ya timu. Asichanganywe na mfadhili, ambaye hutoa msaada bila kuwa na umiliki.

6. Wakala: anayemwakilisha mchezaji katika mapatano. Asiitwe meneja wa mchezaji katika hati.

7. Hoki ya barafuni, kisahani, viatu vya makali na uwanja wa barafu: kwa mchezo uliotajwa hapo juu.

Haya ni mapendekezo ya kujadiliwa. Kauli ya kusanifisha si yetu bali ni ya Baraza, na walio karibu na viwanja wana haki ya kusikilizwa kabla ya walio karibu na kamusi.

Hitimisho

Tumeona kwamba cheo hakitafsiriwi kwa kutazama sura ya neno, bali kwa kuuliza maswali matatu: mwenye cheo anafanya nini, anawajibika kwa nani, na anaweza kumwachisha nani kazi? Mfasiri akiyajibu hayo, neno litajitokeza lenyewe. Mwalimu akiyauliza darasani, wanafunzi watajua kwamba istilahi ni njia ya kugawa wajibu. Na ofisa anayeandika katiba ya klabu, iwe ya Tanga mjini, Pangani au Mkinga, aweke mwanzoni mwake sehemu ya tafsiri ya maneno, na ndani yake aeleze kwa sentensi moja moja meneja ni nani, kocha ni nani, na msimamizi mkuu ni nani. Sentensi tatu hizo hazizidi nusu ukurasa, lakini siku ya mashtaka zitamfaa mchezaji kuliko hotuba ndefu ya mtetezi wake.